Kinywa cha Mtoto Kichunguzwe, Kisichokolewe

Mzazi anapompakata mtoto wake wa kwanza, hakuna sehemu ya mwili wa malaika huyo imtiayo wasiwasi kama kinywa. Vidole huvihesabu, macho huyatazama, kitovu hukingojea kianguke. Kinywa, hata hivyo, ni chumba chenye giza. Hufunguka kwa kilio na kufumba kabla mama hajaona vyema, na katika upenyo ule mfupi aghalabu huona jambo asilolitarajia: vijipele vyeupe kwenye kaakaa, ulimi wenye mabaka kama ramani, ama jino ambalo mtoto amezaliwa nalo. Mama hushtuka, akatoka kwenda kutafuta mtu wa kumweleza. Swali langu leo ni nani anayempokea huko aendako.

Nalisema hili kwa sababu ya yaliyotokea mtaani mwetu. Binti ya jirani yangu alikuwa na mtoto wa miezi sita, kifungua mimba wake, ambaye alikuwa ameharisha kwa siku tatu na kukataa uji aliokuwa ameanza kuonjeshwa. Alimpeleka katika zahanati. Daktari alimtazama mtoto, akaandika dawa, na mama alipomwonyesha uvimbe mweupe uliokuwa kwenye ufizi wa juu, alijibiwa kwa maneno mawili tu: "Hakuna kitu." Akaitwa mgonjwa mwingine. Aliporejea nyumbani alimkuta mamake, aliyewasili kutoka mashambani kuja kumwona mjukuu. Nyanya huyo hakusema kwamba hakuna kitu. Alikiona kitu, akakitaja kwa jina, na alimfahamu mtu ambaye angekitoa kabla ya jua kutua.

Ni rahisi kwetu sisi tuliosoma kumcheka nyanya huyo. Mimi sitamcheka, na kabla sijafika kwake ningependa tukichungulie kinywa chenyewe, kwa kuwa mengi yanayowatisha wazazi humo hayana madhara yoyote.

Chukua vijipele vyeupe au vya manjano hafifu vionekanavyo katikati ya kaakaa la mtoto mchanga. Daktari mmoja wa watoto mjini Prague, Alois Epstein, alivieleza katika karne ya 19, na hadi leo vitabu vya utabibu huviita lulu za Epstein. Zaidi ya nusu ya watoto wote wachanga huwa navyo. Ni chembechembe za ngozi zilizonaswa pale pande mbili za kaakaa zilipokuwa zikiungana tumboni mwa mama. Vingine vya aina hiyo hukaa juu ya ufizi, na kwa kuwa ni vigumu na vyeupe, wengi huvidhania kuwa ni meno. Haviumi, haviambukizi wala havimzuii mtoto kunyonya. Baada ya majuma au miezi michache hupasuka vyenyewe na kutoweka. Havihitaji dawa, na havihitaji ukucha wa mtu.

Kuna tena ule ulimi wa ramani. Juu ya ulimi hutokea mabaka mekundu, laini, yaliyozungukwa na ukingo mweupe, mithili ya visiwa ndani ya bahari. Mabaka hayo ni sehemu ambazo vinyweleo vidogo vya ulimi vimepukutika kwa muda. La ajabu ni kwamba ramani hiyo haitulii. Leo kisiwa kiko upande wa kushoto, baada ya siku chache kimehamia ncha ya ulimi, kisha chote kinafutika, halafu kinachorwa upya. Mama anayeyaona hayo huamini kwamba ugonjwa unatembea. Ukweli ni kwamba mtu mmoja hadi watatu katika kila watu 100 huwa na hali hii wakati fulani wa maisha yao, watoto kwa wakubwa. Hauambukizwi kwa kijiko wala kwa kikombe, na hauna tiba kwa sababu hauhitaji tiba. Baadhi ya watoto huwashwa wanapokula vyakula vyenye pilipili au matunda makali kama nanasi. Waepushwe navyo siku hizo, basi.

Jino la kuzaliwa nalo ni adimu zaidi. Inakadiriwa kwamba hutokea kwa mtoto mmoja katika kila watoto 2,000 hadi 3,000. Mara nyingi huwa ni moja au mawili katika ufizi wa chini, mbele, na aghalabu si meno ya ziada. Ni yale yale ya utotoni yaliyotoka mapema. Ndiyo maana kuling'oa hovyo ni kumnyang'anya mtoto jino ambalo halitapata badala yake hadi afike miaka sita au saba. Ikiwa limelegea kiasi cha kuhofiwa litaanguka na kumpalia, au linamchubua ulimi anaponyonya, daktari wa meno ndiye atakayeamua kulisawazisha makali au kuling'oa. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, yasemekana alizaliwa na meno mawili Septemba 1638. Wafaransa hawakuona nuksi katika hilo, na mtoto huyo alikikalia kiti cha ufalme kwa miaka 72.

Huku kwetu mtoto kama huyo asingepokewa kwa vigelegele. Kiswahili kina neno kijego, nalo ni jina la mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kamusi zilizotungwa na wageni katika karne ya 19 tayari zililinakili, pamoja na maelezo kwamba mtoto huyo alihesabiwa kuwa mkosi. Zipo jamii ambamo kijego hakuachwa aishi. Leo neno hilo limebaki kuwa tusi tu kwa mtoto mtundu, na wengi walitamkalo hawajui lilikotoka. Nalitaja ili tukumbuke kwamba hii si mara ya kwanza kwa watu wetu kusoma kinywani mwa mtoto habari ambazo hazikuandikwa humo.

Sasa turejee kwa ule uvimbe mweupe katika ufizi wa mjukuu wa jirani yangu. Hapa ndipo penye hatari kubwa, nami naomba msomaji anivumilie nilieleze jambo lenyewe hatua kwa hatua.

Meno ya utotoni huanza kuumbika mtoto akiwa bado tumboni. Anapozaliwa, yote 20 yamo ndani ya mataya, kila jino katika kifuko chake, yakingoja zamu. Chonge, yaani lile jino lenye ncha lililo baina ya meno ya mbele na magego, hutokeza kwa kuchelewa, mtoto akiwa na umri wa miezi 16 hadi 22 hivi. Lakini nafasi yake huonekana mapema zaidi. Tangu miezi minne au mitano ufizi hutuna mahali pale na kuwa mweupe kuliko sehemu nyingine. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoumba kila mtoto, mzima na mgonjwa.

Kwa bahati mbaya, huo ndio umri ambapo mtoto huanza kuugua. Kinga aliyotoka nayo kwa mamake inapungua. Anaanza kupewa uji na maji, na si kila maji ni safi. Anatambaa na kutia mkononi, kisha kinywani, kila akiokotacho. Malaria nayo haimsubiri. Anaharisha, anatapika, mwili unachemka. Mzazi anayetafuta chanzo hufungua kinywa na kuona uvimbe mweupe ambao hakuwa ameuona kabla. Laiti angekifungua kinywa cha mtoto wa jirani asiyeugua, angeuona uvimbe uo huo. Lakini nani hufungua kinywa cha mtoto mzima?

Basi huitwa mtaalamu wa kienyeji. Kwa ncha ya kisu, msumari au spoku ya baiskeli iliyonolewa, ufizi hupasuliwa bila ganzi na kiini cha chonge hung'olewa. Hutoka kitu cheupe, laini, chenye utelezi, kwa kuwa jino la umri huo bado halijakomaa na kuwa gumu. Kitu hicho huwekwa kiganjani mwa mama. "Tazama! Huyu ndiye mdudu aliyekuwa akimla mwanao." Nani atabisha? Amekiona kwa macho yake. Nchini Tanzania jambo hili limepewa jina la meno ya nailoni, au meno ya plastiki, kwa sababu ya weupe na ulaini huo. Waganda huliita ebinyo. Hapa Kenya, jarida la East African Medical Journal lilichapisha mwaka 1995 uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wamaasai wa mashambani. Kati ya watoto 95 waliokuwa na umri wa miezi sita hadi miaka miwili, asilimia 87 walikuwa wameng'olewa kiini kimoja au zaidi cha chonge. Takwimu hizo ni za miaka mingi iliyopita na za jamii moja tu, na asijidanganye mtu kwamba mila hii ni ya kabila moja. Imeandikwa habari zake Uganda, Tanzania, Sudan, Ethiopia na Somalia, na madaktari wa meno huko Ulaya wamekutana na makovu yake vinywani mwa watoto wa wahamiaji.

Yanayofuata si siri. Kuna mtoto ambaye huvuja damu hadi akakosa nguvu, ilhali tayari alikuwa amekauka maji kwa kuharisha. Mwingine huingiwa na pepopunda, au na vijidudu vinavyosambaa katika damu. Chombo kimoja kikipita vinywani mwa watoto kadhaa siku moja, virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini hupata njia. Aponaye huweza kubaki na meno ya ukubwani yaliyopinda, yaliyotoboka au yasiyotoka kabisa, kwa sababu kiini cha jino la kudumu kiko karibu sana na kile cha jino la utotoni.

Hata hivyo mila hii haifi, na sababu yake ni rahisi kuiona. Watoto wengi wanaoharisha hupona wenyewe baada ya siku kadhaa. Akipona baada ya kuchokolewa, kisu ndicho kilichomponya. Akifa, husemwa kwamba walichelewa kumleta. Ni hoja isiyoshindwa hata siku moja. Wakati huo huo, tiba ya kweli ya kuharisha, maji yenye chumvi za ORS pamoja na vidonge vya zinki, ni ya bei nafuu na imejaa katika maduka ya dawa, lakini haina mdudu wa kuonyesha kiganjani.

Kilimi nacho, ambacho wengine hukiita kidakatonge, kimekatwa kooni mwa watoto wengi kwa madai kwamba ndicho chanzo cha kikohozi kisichokoma. Sitakawia hapo, hoja ni ile ile na kisu ni kile kile. Ukano ulio chini ya ulimi ni suala tofauti kidogo. Kuna watoto ambao ukano huo ni mfupi kiasi kwamba hawawezi kulishika titi vyema, na kukatwa na mganga aliyefunzwa huwasaidia. Wengi wao hawahitaji. Na wale wanaoukata ili mtoto awahi kusema wafahamu kwamba kuchelewa kusema kuna sababu nyingine nyingi, mojawapo ikiwa ni masikio yasiyosikia.

Nisije nikaeleweka kwamba kila lionekanalo kinywani lipuuzwe. Weupe juu ya ulimi ukifutika kwa kitambaa safi chenye unyevu ni maziwa. Usipofutika, au ukifutwa pakabaki pekundu panapotoa damu, huo ni utando wa ukungu. Hutibiwa kwa dawa ya matone, na ukirudi mara kwa mara mtoto apimwe zaidi, kwani huenda kinga yake ni dhaifu. Madoa madogo meupe kama chembe za chumvi ndani ya mashavu, mtoto akiwa na homa, mafua na macho mekundu, ni dalili ya surua, ambayo Henry Koplik wa New York aliieleza mwaka 1896. Hutangulia vipele vya ngozi kwa siku moja au mbili, na mtoto huyo asipelekwe penye watoto wengine. Ulimi mwekundu wenye vinundu kama tunda la stroberi pamoja na homa ya siku kadhaa unataka daktari upesi. Na zaidi ya yote, ufizi wenye kidonda kinachonuka na kuenea kwa mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo usilazwe nao hata usiku mmoja. Huo huenda ukawa ni noma, maradhi yanayoula uso, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa Desemba 2023. Mtoto asiyeweza kumeza mate yake, au aliyevimba ulimi ghafla, ni wa kukimbizwa hospitalini papo hapo.

Tunazo sheria. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya mila zenye madhara, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelitilia nguvu jambo hilo. Sina ugomvi na sheria. Lakini askari hawezi kusimama kando ya kila kitanda usiku wa manane mtoto anapolia, na anayemshika mtoto miguu ili achokolewe ni mtu anayempenda kuliko sisi sote tunaoandika magazetini. Sheria ikifika peke yake, kazi hiyo itahamia uchochoroni tu.

Lawama yangu ya kwanza, kwa hivyo, haimwendei nyanya. Inamwendea yule aliyesema "Hakuna kitu." Alikuwa sahihi kwa utabibu, nami nakubali kwamba nje ya chumba chake palikuwa na foleni ndefu. Lakini kitu kilikuwapo. Mama alikuwa amekiona na kukigusa. Kumwambia mtu kwamba alichokigusa hakipo ni kumwambia aende akatafute mwingine mwenye macho. Ingemgharimu daktari huyo sekunde 20 kusema: "Hii ni chonge, itatoka mwakani, na huko kuharisha hakutokani nayo."

Maneno hayo yalikuja kusemwa kesho yake, na muuguzi wa kituo kingine ambako mimi na jirani yangu tulimshauri binti huyo aende pamoja na mamake. Muuguzi hakuhubiri. Alimkaribisha nyanya kitini, akampa maji na sabuni anawe mikono. "Nyanya, hebu shika hapa," alisema, akamwongoza kidole juu ya ufizi wa mtoto. "Na upande huu mwingine? Na chini?" Uvimbe ulikuwa pande zote nne, wa kadiri moja. Kisha akaomba ruhusa kwa mama mwingine aliyekuwa akingoja chanjo na mtoto mnene, mcheshi, asiyekuwa na ugonjwa wowote. Nyanya akatia kidole huko pia. Alinyamaza kwa muda. Halafu muuguzi akamtazama binti mwenyewe, ambaye maisha yake yote amecheka huku amefunika kinywa kwa mkono kwa kuwa chonge zake za chini zilitoka upogo, moja ikiwa na shimo. Alikuwa akiamini kwamba alizaliwa hivyo. Nyanya ndiye aliyejibu, bila ya kuulizwa, kwamba huyu naye alitolewa, mwaka ule wa njaa, akiwa wa miezi saba.

Hakuna aliyemlaumu. Waliondoka na ORS na zinki, na mtoto alipona.

Ninachokidai hakihitaji mkopo wa kigeni. Kila mtoto wa Kenya anatarajiwa kliniki akiwa na wiki sita, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi tisa kwa chanjo ya surua. Hupimwa uzani, huchomwa sindano, kijitabu cha mama na mtoto hujazwa. Katika ziara ya wiki 14, kabla ya ufizi kuanza kutuna, kinywa nacho kifunguliwe mbele ya mama, na ikiwezekana mbele ya nyanya, na aonyeshwe kwa kidole chake mahali chonge zitakapotunia na aambiwe mwezi zitakapotoka. Septemba 2023 serikali iliwagawia vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba wakiwa na mizani na kipimajoto. Wao ndio wanaofika mahali ambapo nyanya yuko. Waongezewe somo hili moja, pamoja na picha za ulimi wa ramani, za lulu za kaakaa na za ufizi uliotuna, wazionyeshe wakati mtoto hajaugua. Kwa kuchungulia kinywani, tochi ya simu yatosha.